Namna ya Kuandika Msimbopau wa Code 128 kwa Penseli na Daftari la Miraba

Kifurushi kilichosajiliwa kinachotumwa kwa posta kutoka Tanzania kwenda nchi nyingine hubandikwa lebo yenye herufi mbili, tarakimu tisa, na mwishoni herufi TZ. Kinachotoka Kenya huishia na KE, na cha Uganda huishia na UG. Utaratibu huo ni kiwango cha Umoja wa Posta Duniani kiitwacho S10, na pamoja na maandishi yanayosomwa na mtu huchapwa safu ya mistari myeusi inayobeba herufi na tarakimu zile zile kwa ajili ya mashine. Mistari hiyo kwa kawaida huandikwa kwa mfumo wa Code 128, ule ule unaoonekana kwenye maboksi ya bohari, kwenye sampuli za maabara na kwenye vibandiko vya mali za ofisi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandika msimbopau wa aina hiyo kwa mkono wako mwenyewe, kuanzia maneno hadi mistari, bila programu yoyote.

Najua kwamba hakuna anayechora lebo kwa penseli, na kwamba programu za bure zinazoifanya kazi hiyo kufumba na kufumbua zimejaa kwenye intaneti. Lakini programu hizo hukuamulia mambo matatu bila kukuambia: seti ipi ya kuanzia (seti ni mojawapo ya namna tatu za kusoma mistari ile ile), wakati gani wa kubadili seti, na alama ipi ya uhakiki iwekwe mwishoni. Lebo inapogoma kusomeka, mara nyingi kosa limo katika mojawapo ya mambo hayo matatu, na mtu ambaye hajawahi kuyafanya mwenyewe hata mara moja huishia kuilaumu skana. Saa moja ya penseli inatosha kuondoa ugeni huo.

Unachohitaji ni daftari la hesabu lenye miraba, penseli, na jedwali la ruwaza za Code 128, ambalo lina safu 107, kuanzia namba 0 hadi 106. Ruwaza zinazotakiwa kwa mfano wetu mkuu nimeziandika humu, kwa hiyo unaweza kuanza hata kabla ya kulipata jedwali lote.

Code 128 ilibuniwa mwaka 1981 na Ted Williams wa kampuni ya Computer Identics nchini Marekani. Kabla ya hapo, viwanda vilivyotaka kuandika herufi pamoja na tarakimu vilitegemea zaidi Code 39, iliyobuniwa katika kampuni ya Intermec mwaka 1974, ambayo inajua alama 43 tu za maandishi, haina herufi ndogo, na inakula nafasi kubwa kwenye lebo. Jina la Code 128 linatokana na uwezo wake wa kuandika alama zote 128 za ASCII, yaani orodha ambamo kompyuta huipa kila herufi na kila alama namba yake, zikiwemo herufi ndogo na hata amri zisizoonekana, kama ile ya kurudi mwanzo wa mstari. Leo kanuni zake zimewekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 15417.

Moduli kumi na moja

Kipimo cha msingi kinaitwa moduli, nacho ni upana wa upau mwembamba kuliko pau zote. Katika daftari letu moduli moja ni mraba mmoja. Kila alama ya Code 128 ina pau tatu nyeusi na nafasi tatu nyeupe zinazopishana, ikianza na upau na kuishia na nafasi, na kila upau au nafasi ina upana wa moduli moja, mbili, tatu au nne. Jumla ya vipande vyote sita lazima iwe moduli 11, isizidi wala isipungue. Kwa sababu hiyo alama yoyote inaweza kuandikwa kwa tarakimu sita tu: 113123 maana yake ni upau wa moduli moja, nafasi ya moja, upau wa tatu, nafasi ya moja, upau wa mbili, na nafasi ya tatu.

Kuna sharti la pili ambalo waelezaji wengi hulipita haraka, nalo ndilo linalonivutia kuliko yote. Jumla ya upana wa pau tatu lazima iwe namba shufwa, na kwa hiyo jumla ya nafasi, ambayo ni kilichobaki kufikia 11, itakuwa witiri. Katika 113123 pau ni 1, 3 na 2, jumla 6. Nafasi ni 1, 1 na 3, jumla 5. Ukikaa ukazihesabu ruwaza zote zinazotimiza masharti haya utapata 36 ambazo pau zake zina jumla ya 4, ruwaza 60 zenye jumla ya 6, na 12 zenye jumla ya 8, yaani 108 kwa ujumla. Na zote zina kazi: 103 ni za data, tatu ni za kuanzia, na mbili zilizobaki zimetengwa kwa ajili ya alama ya kumalizia, moja ikiwa ni sura yake isomwapo kutoka kushoto na nyingine ni sura yake isomwapo kutoka kulia. Ndiyo maana unaweza kuishika lebo juu chini na skana ikaisoma vilevile, kwa kuwa inatambua mara moja kwamba imeanzia mwisho.

Sababu ya kudai ushufwa inaonekana unapofikiria wino. Wino hutambaa. Upau uliokusudiwa kuwa wa moduli moja unaweza kutoka kwenye printa ukiwa na moduli 1.4, na nafasi iliyo jirani ikabaki na 0.6. Skana ingepima kila upau peke yake ingekosea. Kwa hiyo haipimi upau peke yake, bali hupima upau pamoja na nafasi inayoufuata, kisha nafasi hiyo pamoja na upau unaofuata, na kuendelea hivyo. Kwa 113123 vipimo hivyo vinne ni 1+1, 1+3, 3+1 na 1+2, yaani 2, 4, 4 na 3. Wino utambae kwa kiasi chochote, mradi umetambaa sawasawa pande zote, kile ambacho upau umekizidisha ndicho ambacho nafasi imekipunguza, na jumla inabaki pale pale: 1.4 na 0.6 bado ni 2.

Swali linabaki kama vipimo vinne kama hivyo vinaweza kuwa vya ruwaza mbili tofauti. Jaribu mwenyewe: ongeza moduli moja kwa kila upau na upunguze moja kwa kila nafasi, na vipimo vyote vinne havitabadilika hata kidogo. Lakini pau tatu zimeongezeka kwa moduli tatu, na namba shufwa ukiiongezea tatu inakuwa witiri, jambo ambalo sharti letu limelikataza. Ukiongeza mbili kwa kila upau, jumla inapanda kwa sita, kutoka 4 hadi 10, na hakuna alama yenye pau za jumla hiyo. Kila seti ya vipimo vinne, basi, ina mwenyewe mmoja tu.

Thamani moja, maana tatu

Kila ruwaza ina thamani, yaani namba yake katika jedwali. Thamani hiyo si herufi. Inageuka kuwa herufi, au jozi ya tarakimu, pale tu unapojua uko katika seti gani kati ya tatu, na hapa ndipo msongamano mkubwa wa mfumo huu unapotoka.

Seti B ndiyo utakayoitumia zaidi kwa maandishi ya kawaida, kwa sababu ina herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama za uandishi. Kanuni yake ni rahisi: chukua namba ya herufi katika ASCII, toa 32, na umepata thamani. Herufi M ni 77 katika ASCII, kwa hiyo thamani yake ni 45. Herufi Z ni 90, thamani yake 58. Tarakimu 2 ikiandikwa kama herufi ni 50 katika ASCII, na thamani yake ni 18.

Seti A inafanana na B kwa thamani 0 hadi 63, lakini kuanzia 64 hadi 95 herufi ndogo zinatoweka na mahali pake zinakaa amri za ASCII zisizoonekana. Kama lebo zako hazitumii amri hizo, unaweza kuisahau seti A bila hasara.

Seti C haina herufi kabisa. Ndani yake kila thamani kutoka 0 hadi 99 ni jozi ya tarakimu, kuanzia 00 hadi 99, kwa hiyo alama moja ya moduli 11 inabeba tarakimu mbili, sawa na moduli tano na nusu kwa tarakimu moja.

Thamani zinazobaki ni maagizo. Ukiwa katika seti B, thamani 99 inasema kwamba kuanzia hapa tumehamia seti C; ukiwa katika C, thamani 100 inakurudisha B na 101 inakupeleka A. Thamani 98 inaazima herufi moja tu kati ya A na B, kisha msomaji anarudi alikokuwa. Thamani 102, iitwayo FNC1, ina kazi maalumu tutakayoigusa baadaye. Alama za kuanzia ni 103 kwa A, 104 kwa B na 105 kwa C, na ya kumalizia ni 106, ambayo peke yake ina vipande saba na upana wa moduli 13, kwa sababu msimbopau hauwezi kuishia na nafasi nyeupe na hivyo umeongezewa upau wa kuufunga.

Kwa Kiswahili mfumo huu ni wa bahati, kwa kuwa maneno yetu hayahitaji herufi yenye nukta au mkia ulio nje ya ASCII. Hata king'ong'o kina mahali pake: kibainishi cha ng' ni namba 39 katika ASCII, kwa hiyo thamani yake katika seti B ni 7. Tahadhari moja tu. Programu nyingi za kuandikia, na baadhi ya simu, hubadili kibainishi kilichonyooka kuwa kilichopinda pasipo kuulizwa, na kile kilichopinda hakimo katika ASCII. Neno NG'OMBE lililonakiliwa kutoka kwenye barua iliyopambwa linaweza kukataliwa na programu ya lebo, au likachapwa na kitu kingine katikati yake, na macho yasione tofauti.

Mfano: MZ204518

Tuseme ofisi ya mizigo ya basi inataka kila mzigo uwe na namba yenye herufi MZ na tarakimu sita, na mzigo wetu ni MZ204518. Hatua ya kwanza ni kuamua seti ya kuanzia. Kwa kuwa tunaanza na herufi, tunaanza na B, thamani 104. Kisha M ni 45 na Z ni 58. Zinazofuata ni tarakimu sita zinazogawanyika vizuri katika jozi tatu, kwa hiyo tunahamia seti C kwa thamani 99, na jozi zenyewe zinakuwa thamani zake moja kwa moja: 20, 45 na 18.

Angalia kilichotokea. Thamani 45 imejitokeza mara mbili, mara ya kwanza ikiwa ni herufi M na mara ya pili ikiwa ni tarakimu mbili, 4 na 5. Kwenye lebo iliyochapwa utaona ruwaza ile ile, 113123, ikikaa sehemu mbili na kumaanisha vitu viwili visivyohusiana. Mtu anayedhani kwamba kila herufi ina mistari yake ya kudumu, kama ilivyo katika Code 39, hapa ndipo anapopotea.

Sasa alama ya uhakiki. Thamani ya alama ya kuanzia inachukuliwa kama ilivyo. Kila thamani inayofuata inazidishwa kwa nafasi yake katika foleni: ya kwanza mara 1, ya pili mara 2, na kuendelea, huku thamani ya kuhama seti nayo ikihesabiwa kama nyingine zote. Wengi huisahau hiyo ya mwisho na kupata jibu lisilo sahihi.

104 ya kuanzia: 104
45 × 1: 45
58 × 2: 116
99 × 3: 297
20 × 4: 80
45 × 5: 225
18 × 6: 108

Jumla ni 975. Igawanye kwa 103: inaingia mara 9, ambazo ni 927, na baki ni 48. Baki hiyo ndiyo alama ya uhakiki, na inaandikwa kama alama ya kawaida yenye thamani 48, kabla ya alama ya kumalizia.

Namba 103 haikuokotwa tu. Kwanza, thamani za data ni 0 hadi 102, hivyo baki yoyote ina alama ya kuiandikia. Pili, 103 ni namba tasa, na kwa sababu hiyo alama moja ikisomwa visivyo, jumla haiwezi kutoa baki ile ile, mradi foleni haijafika alama 103, urefu ambao hakuna lebo ya kawaida inayoufikia. Kuzidisha kwa nafasi nako kunakamata mpishano: ukiandika ZM badala ya MZ, jumla inashuka kutoka 975 hadi 962, na baki inakuwa 35 badala ya 48.

Kuchora

Foleni nzima sasa ni hii, kila alama na ruwaza yake:

Kuanza B, 104: 211214
M, 45: 113123
Z, 58: 312311
Hamia C, 99: 113141
20: 221231
45: 113123
18: 223211
Uhakiki, 48: 313121
Kumaliza, 106: 2331112

Kabla ya kugusa daftari, hakiki kila ruwaza kwa kujumlisha tarakimu zake: zote zitoe 11, isipokuwa ya mwisho inayotoa 13. Kisha acha miraba kumi mitupu upande wa kushoto. Huo ni ukingo mtupu, nao ni sehemu ya msimbopau sawa na mistari yenyewe. Baada ya hapo paka miraba miwili, acha mmoja, paka mmoja, acha miwili, paka mmoja, acha minne, na umeshaandika alama ya kuanzia. Endelea na M: paka mmoja, acha mmoja, paka mitatu, acha mmoja, paka miwili, acha mitatu. Fanya hivyo hadi upau wa mwisho wa alama ya kumalizia, kisha acha tena miraba kumi. Usiweke pengo lolote kati ya alama moja na nyingine, kwa kuwa nafasi nyeupe inayoifunga alama ndiyo inayoitenga na ijayo.

Umetumia alama nane za moduli 11 na moja ya 13, jumla moduli 101 bila kingo. Kama ungebaki katika seti B mwanzo hadi mwisho ungetumia 123. Kwa Code 39, pau nene zikiwa mara tatu ya nyembamba, maandishi yale yale yangechukua moduli 159, tena bila alama ya uhakiki, kwa kuwa kule si ya lazima.

Wakati gani wa kuhamia seti C

Kuhama kuna gharama ya alama moja, na kurudi ni gharama nyingine, kwa hiyo si kila tarakimu mbili zinazostahili safari hiyo. Tarakimu zikiwa mwanzoni au mwishoni mwa data, hama zikiwa nne au zaidi. Zikiwa katikati, zimezungukwa na herufi pande zote mbili, subiri mpaka ziwe sita: tarakimu nne za katikati zinahitaji kuhama, jozi mbili na kurudi, jumla alama nne, sawa kabisa na kuziandika moja moja katika B. Kama data yote ni tarakimu na idadi yake ni shufwa, anza moja kwa moja na 105.

Idadi ikiwa witiri, tarakimu moja lazima ibaki katika seti B. Usiongeze sifuri ili kuzisawazisha, kwa sababu sifuri hiyo itasomwa na kuingia katika kumbukumbu kama sehemu ya namba.

Namba ya posta ni zoezi zuri la hali hiyo. Chukua RR204518635TZ, namba niliyoitunga kwa ajili ya mfano. Tarakimu tisa ziko katikati ya herufi. Tunaanza na B, 104. R ni 50, R tena 50. Tarakimu 2 tunaiacha katika B kwa thamani 18. Tunahamia C kwa 99. Jozi ni 04, 51, 86 na 35. Tunarudi B kwa 100. T ni 52 na Z ni 58. Ukizidisha kila thamani kwa nafasi yake na kujumlisha pamoja na 104 utapata 3970, na ukigawanya kwa 103 baki ni 56. Upana wote ni moduli 156, ilhali katika B peke yake ungekuwa 178. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kuniamini.

Namba hiyo ina uhakiki mwingine ndani yake, na watu huuchanganya na huu wa pau. Tarakimu ya tisa, 5, inatokana na nane zilizotangulia: zidisha 2, 0, 4, 5, 1, 8, 6 na 3 kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7 kwa mpangilio huo, jumlisha upate 160, gawanya kwa 11, baki ni 6, na 11 ukitoa 6 ni 5. Hesabu ikitoa 10 huandikwa 0, na ikitoa 11 huandikwa 5. Uhakiki huo ni wa karani: lebo ikichanika na namba ikachapwa kwa vidole, mfumo unagundua tarakimu iliyokosewa. Uhakiki wa 56 ni wa skana peke yake, hauonekani katika maandishi, na haulindi chochote namba inapoandikwa kwa mkono. Lebo inahitaji zote mbili.

Kuhusu FNC1, itoshe kusema kwamba ikikaa mara tu baada ya alama ya kuanzia, skana inaelewa kuwa msimbopau ni wa aina ya GS1-128, unaotumika kwenye maboksi na paleti za biashara, na kwamba data inaanza na namba fupi inayoeleza kinachofuata ni nini. Mabano unayoyaona kwenye maandishi ya chini, mfano (00) kabla ya tarakimu 18 za paleti, ni ya macho ya binadamu tu. Ukiyaandika ndani ya pau, umeharibu lebo.

Kutoka daftarini hadi kwenye karatasi ya lebo

Kosa la kwanza la wanaochapa wenyewe ni fonti. Zipo fonti za Code 128 ambazo hugeuza kila herufi kuwa mistari, na mtu huandika MZ204518 katika jedwali la kompyuta, akabadili fonti, akapata kitu kinachofanana na msimbopau kwa kila hali ila kimoja: hakisomeki. Fonti imechora ruwaza za herufi nane na haikuweka alama ya kuanzia, wala ya uhakiki, wala ya kumalizia. Mimi mwenyewe nilichapa karatasi nzima ya vibandiko kwa namna hiyo kabla ya kuelewa. Fonti hizo zinahitaji fomula inayotayarisha foleni kamili kwanza, na fomula hiyo lazima itoke kwa mtengenezaji yule yule wa fonti, kwa kuwa thamani za 95 na kuendelea kila mmoja amezipangia mahali pake.

Jedwali la kompyuta lina mtego mwingine. Namba inayoanza na sifuri, kama 004518, huhesabiwa kuwa kiasi na kubaki 4518. Ipe safu hiyo muundo wa maandishi kabla ya kuingiza namba ya kwanza.

Kosa linalofuata ni kuvuta picha. Printa ya lebo ya nukta 203 kwa inchi ina nukta za milimita 0.125, na moduli ya nukta mbili ni milimita 0.25 kamili. Kwa kipimo hicho msimbopau wetu wa moduli 101 una milimita 25.25, na pamoja na kingo zake ni milimita 30.25, unaoingia bila shida kwenye lebo ya milimita 50. Ukiivuta picha kwa kipanya ili ijaze lebo, moduli inakuwa ya nukta mbili na kitu, na kwa kuwa printa haiwezi kuchapa robo ya nukta, pau nyingine zitapata nukta mbili na nyingine tatu. Utambaaji wa wino, kama tulivyoona, mfumo unauvumilia kwa sababu uko sawa kila mahali. Upana usio na mpangilio hauvumiliki. Chagua upana wa moduli kwa nukta nzima na uache lebo ibaki na weupe wake.

Kwa printa zinazoelewa lugha ya ZPL unaweza kuamuru seti mwenyewe: >: huanzisha B na >5 huhamia C, kwa hiyo data ya mzigo wetu inaandikwa >:MZ>5204518, na uhakiki printa itaukokotoa yenyewe.

Kimo cha pau hakibebi habari yoyote. Kinampa tu mwenye skana mahali pa kulenga. Kipimo cha chini kinachozoeleka kwa skana ya mkono ni milimita 5 au asilimia 15 ya upana wa msimbopau, kile kilicho kikubwa. Kuhusu rangi, kumbuka kwamba skana nyingi zina mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo upau mwekundu juu ya karatasi nyeupe ni sawa na karatasi tupu. Pau nyeusi au za bluu iliyokolea juu ya nyeupe ndizo salama, na boksi la kahawia ni afadhali libandikwe lebo nyeupe kuliko kuchapwa moja kwa moja.

Jaribu lebo ya kwanza kwa skana ile ile itakayotumika kazini, si kwa kamera ya simu, ambayo huweza kusamehe makosa ambayo skana ya dirishani haitayasamehe. Ikisoma, kwenye kioo yatatokea maandishi MZ204518 na si zaidi. Thamani 104, 99, 48 na 106 hazitaonekana, kwa kuwa skana imeshazitumia na kuzitupa. Mtu akikuuliza 48 uliyoihangaikia imekwenda wapi, mwoneshe ruwaza ya 313121, ya pili kutoka mwisho, upande wa kulia wa lebo.